Kisanduku cha Kijani

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kemi, Januari,
jua likichungulia saa nne na kuondoka saa nane
kama mgeni aliyekosea nyumba.
Kompyuta ilikaa jikoni, kando ya mashine ya kahawa,
maana waya wa simu haukufika kwingine.

Nilitaka nyimbo. Magitaa yenye makelele, basi.
Programu ikaniuliza hili na lile
nami nikajibu kama wanavyojibu wote:
Ndiyo. Endelea. Ndiyo. Endelea. Maliza.
Swali moja halikuulizwa.
Lilikwisha kujibiwa huko lilikotungwa, na mtu nisiyemjua,
alama ndogo ya vema ndani ya kisanduku cha kijani,
ukurasa wa tatu wa mipangilio, chini kabisa:
Gawa folda ya Nyaraka na yote yaliyomo.

Yote yaliyomo:
risiti za kodi za miaka mitano,
picha ya jino langu la mbele, lilipovunjika,
supu ya samaki ya shangazi Hilkka,
insha yangu juu ya dubu (alama sita),
na barua kumi na moja za mama kwa baba.

Baba, Ensio, alikuwa Norwe, kwenye mtambo wa mafuta,
katikati ya maji. Kila tarehe tano alituma pesa.
Neno hakutuma.
Mama naye barua hakuzituma. Aliandika, akahifadhi,
akaanza nyingine. Kila moja akaipa jina la tango,
si lile la kachumbari, nasema tango la kucheza,
walilolicheza wawili ukumbini kando ya ziwa
kabla sijawa hata wazo.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Lakini kata yetu ilikuwa imeota mkono mrefu
unaopita chini ya mlango, chini ya theluji,
ukichota usiku kucha
na kumnywesha yeyote.

Siku ya tisa nikaona, pembeni mwa skrini,
faili inatoka. Si wimbo wangu.
Aprili Bila Viatu. Kilobaiti arobaini na moja.
Inakwenda kwa mtu aliyejiita Bundi71.
Nikaifungua. Nilisoma mistari miwili tu:

Ensio, nimebadilisha taa ya ngazini.
Sasa ukirudi usiku hutajikwaa.

Nikaifunga. Mkono wangu ulikwisha kushika waya wa simu.
Kuchomoa tu, na ingekatika katikati,
nusu barua, takataka isiyosomeka.
Sikuchomoa.
Nikajiuliza ni nani, saa nane za usiku,
anayetafuta tango la zamani kiasi hicho,
ambalo hata redio imelisahau.
Sekunde kumi na moja. Kiwanda cha karatasi
kikitema moshi wake wenye harufu ya kabichi.
Ikafika.

Ndipo nikaondoa alama kwenye kisanduku,
nikatengeneza folda mpya, tupu, nikaipa jina Tupu.
Mama alipoamka nilisema kompyuta ilikuwa nzito,
nimeisafisha kidogo. Akanipa kahawa, ya kwanza maishani,
yenye maziwa mengi.

Siku hizi niko Tampere, naandika programu.
Wenzangu wananiona msumbufu.
Mkutano mzima naweza kuumalizia kwenye kisanduku kimoja:
kiwe kitupu, nasema, mpaka mwenyewe akijaze.
Wanasema watu hawasomi, tuwarahisishie.
Nasema ndiyo maana.
Sababu nyingine siwaambii.

Baba hakurudi. Au tuseme alirudi mara moja,
siku ya mazishi ya Hilkka, na koti la kuazima.
Alipanda ngazi zetu mbele yangu, taratibu.
Ilikuwa Juni, saa saba mchana, mwanga kila mahali.
Ngazi ya nne akasimama,
akainua uso
akaitazama taa.